Udongo wa Nyuma ya Jiko Langu

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimewahimiza watu wavumilie hata pale ambapo sikuona sababu ya wao kuvumilia. Mimi mwenyewe humshukuru Mungu kila asubuhi kabla sijanawa uso. Namshukuru kwa magoti ambayo bado yanakunjika, kwa mibuni iliyochanua, kwa mvua iliyokuja na hata kwa ile iliyochelewa. Sikuzoea hasira. Ilinipata nikiwa nimepita miaka sabini, ikakaa, na mpaka leo haijatoka yote. Nimeona afadhali niieleze ilivyokuja kuliko kwenda nayo kila mara kwenye meza ya Bwana.

Jambo lenyewe ni shamba la dada yangu.

Dada yangu mdogo alirudi kwetu, huku upande wa Kaisho, baada ya kufiwa na mume. Wakwe zake hawakumfukuza. Walimpunguzia tu, leo kipande hiki, kesho kile, mpaka akaelewa mwenyewe. Aliporudi tulikaa mimi na mdogo wetu wa kiume tukamtafutia pa kulima. Kibanja cha baba, yaani migomba na mibuni inayozunguka nyumba na makaburi yetu, tulikuwa tumeshagawana sisi wanaume. Kwetu binti hapewi kibanja. Tukampa bonde.

Bonde hilo liko chini ya kilima walikochimba madini ya bati watu wa zamani. Mashimo yao yapo mpaka leo, yamejaa maji yenye rangi ya chai ya rangi. Tulimwambia bonde lina unyevu, atapata maharage hata kiangazi. Tulipomkabidhi nilisali, na nakumbuka ilikuwa sala ndefu.

Maharage yaliota, yakafika urefu wa kiganja, yakageuka manjano. Yale machache yaliyozaa yalitoa punje zilizokunjamana. Alipanda migomba, mizizi ikaoza. Mimi nilimwambia aongeze bidii.

Kisha akaja binti mmoja kutoka upande wa Ndama, mtoto wa mkulima wa kahawa kama sisi, aliyesoma kemia mpaka ng'ambo. Alikuwa anapita kwenye mashimo ya bati na visanduku vyake, akipima maji. Alichota maji ya shimo lililo juu ya bonde la dada, akachanganya dawa zake, na kijikaratasi chake kikageuka rangi. Alikuja nyumbani kwangu akiwa hana tena lile tabasamu alilokuja nalo asubuhi.

"Shikamoo, Babu. Mwenye shamba lile la chini ni nani?"

"Marahaba. Ni huyu Bibi yako hapa."

Akamwamkia na dada, akakaa kwenye kigoda, akatueleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Maji yale yalikuwa na sumu iitwayo arseniki, inayotoka kwenye mawe yale yale yenye bati. Udongo wa bonde lazima ulikuwa umeinywa. Swali alilokuwa nalo ni kama maharage nayo yanainywa.

"Sumu ikiwa udongoni siyo lazima iwe kwenye chakula," alisema. "Kuna arseniki iliyoshikwa na kutu ya chuma humo udongoni. Hiyo imefungwa kama ng'ombe zizini. Na kuna iliyo huru, ambayo mzizi unaivuta tu. Kwa macho ni udongo ule ule. Hata vipimo vya kawaida vitaniambia ni kiasi gani, havitaniambia imefungwa au iko huru."

"Na cha kukuambia ni kipi?"

"Kuna mtambo, Babu. Ni duara. Unazungusha elektroni, vitu vidogo kuliko vumbi la vumbi, kwa mbio karibu sawa na za mwanga. Kila zikipindishwa kona hutema eksirei. Siyo hii ya kupiga mguu uliovunjika. Ni kali kupita kiasi, na nyembamba kuliko unywele. Ukiielekeza kwenye chembe ya udongo, inakuonyesha arseniki imekaa wapi na imeshikana na nani."

Nikamuuliza mtambo huo ni mkubwa kiasi gani. Akafikiri, akasema nikianza kutembea kuuzunguka huku nasali Baba Yetu, nitaimaliza mara kumi kabla sijarudi nilipoanzia.

"Huku kwetu uko wapi?"

"Haupo. Afrika nzima haupo. Hata kipimo cha kiasi nitakifanyia huko huko. Tunaomba zamu kwa wenzetu."

"Kama zamu ya kisimani," dada akasema.

"Kama ya kisimani, Bibi. Ila wenye kisima ndio wanaoamua nani ana kiu."

Tulicheka, na mimi nilimpenda binti yule siku hiyo. Akatoa mifuko sita midogo, myeupe, isiyoonyesha ndani. Alitaka kuchimba mwenyewe, lakini mawingu yalikuwa yameshajikusanya na dereva alikuwa anapiga honi, akiogopa utelezi wa mteremko. Basi akatuelekeza. Tuchukue sehemu sita za shamba la bonde, kina cha ubapa wa jembe, tuanike kivulini, tufunge. Dereva angepita keshokutwa kuichukua. Na mpaka jibu lirudi, Bibi asile chochote cha bonde wala asikiuze.

"Nenda kwa amani," nilimwambia. "Nitasimamia mimi."

Sikusimamia. Kesho yake tulikuwa na kikao cha wazee wa usharika, nikamwachia dada kazi. Keshokutwa yake alinikabidhi mifuko sita imefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, nikaipeleka barabarani kwa mkono wangu. Sikufungua hata mmoja. Ningefungua ningejua palepale.

Tukangoja. Ulipita msimu wa vuli, ukapita wa masika, ikaja vuli nyingine na masika nyingine. Binti alikuwa anapiga simu. Mara ombi lake limekataliwa, mara limekubaliwa lakini mtambo umefungwa kwa matengenezo, mara amepewa zamu ya siku moja na viza imechelewa. Wakati wote huo bonde lilikaa majani matupu, na dada yangu, mwanamke mwenye wajukuu, alikwenda kulima vibarua. Alikuwa anatoka asubuhi pamoja na vijana wa zile familia zilizotoka Rwanda na Burundi, anarudi jioni na mkungu mmoja wa ndizi kichwani kama ujira. Nilimpa nilichoweza. Alipokea kidogo, kwa mikono miwili, na kesho yake aliondoka tena na jembe. Kila nilipomwona akipita na jembe hilo, nilitoka mpaka njiani. Nilikuwa namwambia avumilie. Alikuwa ananijibu, "Ninavumilia, kaka. Wewe ulidhani ninafanya nini?"

Halafu likaja tangazo kanisani kwamba kuna wageni wanataka kukutana nasi. Walikuwa watu wanaopanga mtambo wa aina hiyo ujengwe hapa barani, siku moja, katika nchi ambayo haijachaguliwa bado. Walikuwa wanapita kukusanya maoni ya wananchi mapema. Binti wa Ndama alikuwa mmoja wao.

Ukumbi ulijaa. Kiongozi wao alikuwa bwana mmoja mpole, mwenye miwani, aliyevaa viatu vilivyokwisha kugeuka rangi kwa vumbi letu jekundu. Aliwasha jenereta, akatundika shuka ukutani, akatuonyesha picha za lile duara. Alieleza litakavyosaidia kutengeneza betri, dawa, mbolea, na kujua madini yetu kabla hayajasafirishwa. Alionyesha mpango wenyewe, kurasa nyingi: umeme utatoka wapi, maji ya kupoozea, sakafu isiyotikisika, vijana watakaosomeshwa. Kisha akamkaribisha binti atoe mfano wa nyumbani.

Binti alisimama akimwangalia dada yangu. "Bibi, udongo wako ulipata zamu mwezi uliopita. Ni safi. Arseniki yake ni ya kawaida kama ya udongo wowote, na hata hiyo kidogo imefungwa. Lima, Bibi. Kula."

Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Dada yangu aliinama akaangalia vidole vyake. Nilidhani analia kwa furaha.

Mimi sikupiga makofi. Nilisimama.

"Safi," nilisema. "Misimu minne mwanamke huyu amelima vya watu kwa mkungu wa ndizi, na shamba lake lilikuwa safi. Mlimwambia asile. Akatii. Sasa mnakuja na shuka na jenereta kutuambia ilikuwa bure."

Nyuma mtu akasema, "Leo mzee kaacha mahubiri yake ya kuvumilia nyumbani." Kicheko kikapita. Hakikunizuia.

"Zahanati yetu haina hata ile eksirei ya mguu. Mtu akianguka mgombani anafungwa vijiti, anapakiwa kwenye pikipiki, anakwenda analia njia nzima. Mnatuomba maoni juu ya mtambo wa kuona chembe ya vumbi. Maoni yangu ni haya. Kabla hamjaangalia chembe, muangalie mtu."

Bwana wa miwani hakukasirika. Alisubiri nikae, nami sikukaa, basi akanijibu nikiwa nimesimama.

"Mzee wangu, dada yako alingoja misimu minne kwa sababu mtambo uko kwa watu. Ungekuwa karibu angengoja wiki chache. Hilo ndilo tulilokuja kulipanga. Na la eksirei ya zahanati una haki, nami sina jibu lake."

Lilikuwa jibu la haki, na lilinikasirisha zaidi, kwa sababu nilitaka aseme upumbavu.

Mkutano ulipokwisha tulikunywa chai nje. Binti alikuja na kompyuta yake, kunituliza nadhani, akanionyesha picha ya udongo wa dada. Ilikuwa nzuri, sikatai. Chembe zilionekana kama nchi kwenye ramani, nyingine za bluu, nyingine za rangi ya moto.

"Ona, Babu, hii ni fosforasi, chakula cha mimea, imejaa. Haya ni majivu, na haya ni mabaki ya mbolea ya ng'ombe. Nilishangaa. Bibi amelihudumia sana bonde lile."

Nikashika kikombe vizuri. Katika bonde lile haijawahi kuingia hata ndoo moja ya samadi. Ni mbali, njia ni mwinuko, na ng'ombe tulionao hawatoshi hata migomba ya nyumbani. Majivu nayo huwa hayaendi mbali. Majivu ya jikoni hutupwa nyuma ya jiko.

Nilimwita dada kando, kwenye ukuta wa kanisa.

"Ule udongo uliutoa wapi?"

Hakujaribu kuficha. "Nyuma ya jiko lako."

"Kwa nini?"

"Waitu, kaka, jamani, ulitaka nimpe mgeni mchanga wa kijivu unaonuka? Apeleke ng'ambo, wazungu waumwagie mezani waseme hiki ndicho wanacholima watu wa kwetu? Mama alikuwa anamfungia mgeni kitu kutoka wapi?"

Nilijua kutoka wapi. Mgeni akiaga, mama alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya karibu na mlango, ile iliyoshiba, anakata huko. Cha mbali, cha kando, mgeni hapewi. Wakwe hawapewi. Kwetu mtu akitoa kibaya mbele ya mgeni, anakuwa ametutukana ukoo mzima.

"Lakini yule hakuja kama mgeni," nilisema. "Alikuja kama mganga. Mganga anaonyeshwa kidonda."

"Wewe nilikuonyesha kidonda," alisema. "Unakumbuka kikapu changu?"

Sikukumbuka. Naandika hili kwa aibu. Ilibidi anieleze. Mwaka wake wa kwanza wa bonde, alileta maharage kwenye sikukuu ya mavuno. Kwetu mazao yakishaombewa hunadiwa nje ya kanisa. Mimi nilikuwa mlangoni napokea. Nikaona punje zake zilivyokunjamana, nikamrudishia kikapu mkononi, nikamwambia, tena watu wakisikia, kwamba madhabahuni hapelekwi mnyama kilema. Nilimtaja na nabii aliyekemea jambo hilo. Kisha nikampokea aliyefuata. Alikitembeza kikapu kile kurudi nyumbani peke yake, amevaa kitenge cha ibada, na watu wakimpisha njia.

"Tangu siku ile," alisema, "cha bonde simwonyeshi mtu."

Nilisimama pale, na hasira niliyoimwaga ukumbini ikanirudia yote. Sikuwa na mwingine wa kumtupia. Nilijaribu, Mungu anisamehe. Nilimwendea binti nikamwambia udongo si wenyewe, na kabla hajafungua kinywa nikamuuliza kwa nini hakuchimba mwenyewe.

Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku moja, Babu. Walinipa siku moja baada ya kuomba miaka miwili. Niliitumia kuangalia majivu ya jiko lako."

"Na fosforasi ilipojaa hukuuliza."

"Sikuuliza. Nilitaka iwe safi." Akafunga kompyuta. "Wewe uliniambia utasimamia."

Bwana wa miwani alisikia yote. Nilimgeukia na yeye. Nilimwambia mpango wake una ukurasa wa umeme, wa maji na wa sakafu, na hauna ukurasa wa anayeshika jembe. Duara lote lile linategemea mkono mmoja wenye aibu, na hakuna mtu aliyepanga kukaa nao chini. Akatoa kalamu, akaandika, akaniomba nirudie polepole. Nikarudia. Sikupata raha yoyote katika kuandikwa.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote. Dada alikuwa ameshaanza kupembua mbegu. Jirani alimpa kopo la maharage ya njano mara tu aliposikia kwamba shamba ni safi, na mvua zilikuwa zimeanza. Jioni ile nilimkuta barazani na ungo mapajani.

"Jumatatu nateremka bondeni," alisema.

"Bonde halijapimwa."

"Limepimwa. Kanisa zima limesikia, safi."

"Dada."

"Nimechoka, kaka. Nikifa kwa maharage yangu si sawa na kufa kwenye shamba la mtu? Utangoja wewe hiyo zamu nyingine? Mimi sina miaka ya kungojea zamu."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaendelea kutoa vijiwe kwenye ungo, kimoja kimoja, anavitupa uani. Nami nilijua kwamba Jumatatu atashuka kweli, na kwamba maneno yoyote ya subira nitakayomwambia yatakuwa maneno ya mtu aliyeshiba.

Asubuhi nilimwita mdogo wetu wa kiume. Nikamwambia kwamba nusu ya kibanja changu, kuanzia nyuma ya jiko hadi mpaka wa mibuni, nampa dada.

Alinitazama kama aliyesikia nimeacha dini. "Umeanza kugawa kibanja cha baba kwa wanawake?"

"Nagawa cha kwangu."

"Kesho utampa na kaburi humo."

"Kaburi nitapata tu," dada alijibu toka jikoni. "Wewe usihangaike nalo."

Alibisha mpaka jua likapanda. Alitaja ukoo, akataja baba, akataja watoto wangu walioko mjini ambao hawajaulizwa. Aliyosema mengi ndiyo ambayo mimi mwenyewe ningesema miaka michache nyuma, kwa sauti hiyo hiyo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia kwamba huo ndio udongo pekee katika wilaya hii uliopita kwenye mtambo ule, ukaonekana hauna kitu. Dada yetu ameambiwa mbele ya watu ale kutoka udongo huo. Basi ale. Aliondoka bila kuaga, na hata leo tukikutana njiani ananiamkia kwa mdomo tu.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kabla ya matangazo, nikasimulia habari ya kikapu. Sikuirefusha. Kisha nilishuka bondeni na binti wa Ndama, yeye akiwa na mifuko, mimi na jembe, dada mbele akituonyesha pabaya kuliko pote. "Hapa," alikuwa anasema. "Na hapa panapotoa harufu. Chota, kaka, usichague." Alikuwa akinicheka waziwazi. Binti hakucheka. Aliandika kila shimo kwenye daftari, akafunga mifuko mwenyewe, akaibeba mwenyewe.

Ameomba zamu tena. Hajajibiwa. Mtambo wa kwetu bado ni shuka ukutani. Nikiwaza kwamba jibu la bonde letu lingeweza kupatikana zamani, kama mimi ningeshika jembe badala ya kwenda kikaoni, usingizi hunipaa, na shukrani zangu za asubuhi hutoka nusu. Nazitoa hivyo hivyo.

Jumatatu ile dada alianza kupanda nyuma ya jiko. Nilikaa mlangoni nikimwangalia. Alipima kwa hatua, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akachora alama sita ardhini kwa ncha ya jembe.

"Ndipo nilipochimbia ile siku," alisema. "Nianzie hapo?"

"Anzia hapo," nilimwambia.